Foleni Kwenye Mlango wa Ubongo

Tarehe 9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kile kiti chako kisicho na mgongo, unamgombeza paka. Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha, na kile chumba kilichokuwa kinavuja nimekihama. Sasa nimepanga juu ya duka la fundi viatu, nyundo yake ndiyo inayoniamsha. Baba ameniandikia mistari miwili tu, mmoja wa salamu na mmoja wa jino. Mwambie kaka yako akaling'oe, maana mwaka wa pili huu tunaumwa wote. Na mtoto wa kaka nasikia amesimama dede. Mnanipa habari nusunusu, hamsemi kama ametembea au bado anashika ukuta.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuambia kiwanda kimenitoa kwenye maboksi kikaniweka kwenye ukaguzi wa makopo. Tunachofunga ni unga wa asidi amino. Usikunje uso, nitakueleza kama nilivyoelezwa mimi. Nyama, maharage, mayai, maziwa, vyote vikifika tumboni vinavunjwavunjwa vipande vidogo, na vipande hivyo ndivyo asidi amino. Mwili unavichukua unajengea misuli, nywele na kucha. Hapo sikushangaa. Nilishangaa niliposoma karatasi ya kopo mpaka chini kabisa. Ubongo nao una fungu lake! Kipande kimoja kinaitwa tairosini. Ubongo unakigeuza kuwa kitu kinaitwa dopa, na dopa inageuka kuwa dopamini, na dopamini ndiyo inayouambia mkono nenda, mkono ukaenda.

Shangazi, nilisimama na kopo mkononi mpaka msimamizi akaniuliza kama nimepigwa gundi. Maana daktari wako alisemaje? Si alisema ubongo wako umepungukiwa dopamini, ndiyo maana mkono wa kulia unatetemeka? Na mimi hapa nashinda katikati ya magunia ya kitu kinachoitengeneza!

Nikaujaribu unga huo mwenyewe. Wiki ile tulipigishwa zamu mbili mfululizo. Kazi yangu ni kumsomea mwenzangu namba za makopo kwa sauti, na nikichoka namba zinapishana mdomoni, tatu inakuwa nane. Nikakoroga kijiko kimoja kwenye maji, nikanywa. Baadaye kidogo namba zikawa zinatoka zimenyooka, zenyewe, kama mtu ananinong'oneza. Kijiko cha unga mweupe kama chokaa! Nilikaa nikajiuliza, hii akili ninayojivunia ni yangu kweli, au ni ya maharage niliyokula mchana?

Basi nimekutumia kopo moja, sisi wafanyakazi tunapewa. Kijiko kimoja kila asubuhi. Kidonge cha daktari usikiache. Wala usinipigie simu kunishukuru, sheria yako ninayo kichwani: simu ni ya msiba na uzazi, mengine yote yaandikwe, ili mkono usisahau kazi.

Kitone wako


Tarehe 14 Machi

Mwanangu Kitone,

Marahaba. Sisi hatujambo. Jino la baba yako limeng'olewa, sasa analalamikia pengo. Mtoto wa kaka yako hakutembea. Aliachia ukuta akatoka mbio moja kwa moja mpaka kwenye ndoo, sijui alikuwa anakimbilia nini. Paka amezaa ndani ya sanduku la brashi zangu. Nimehamisha brashi.

Kopo limefika. Nimelisoma mbele na nyuma. Aliyeandika jina lake ni mashine, inajulikana tu, herufi zimesimama kama zimekaripiwa, hakuna hata moja inayopumua. Lakini sitaki kulisema vibaya kopo la mwanangu. Nakunywa kila asubuhi kabla sijakoroga rangi. Nakoroga unga kwenye glasi, na kidonge cha daktari namezea humohumo, ili viingie pamoja na vishikane mikono huko ndani, dawa ya hospitali na dawa ya mwanangu. Na nikinywa nakukumbuka ulivyokuwa unasimama chini ya ngazi yangu na kuangalia juu mdomo wazi, mpaka siku rangi ya bluu ikakudondokea katikati ya paji la uso, tukakuita Kitone. Leo Kitone ananitumia ubongo kwenye kopo. Kweli dunia ina mambo.

Na unga ni mzuri. Najisikia mwepesi.

Sasa kaa chini nikuambie. Mwalimu mkuu wa shule uliyosomea alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Ukuta wa mbele, ule wa barabarani, wanataka jina liandikwe upya, herufi ndefu kama mkono wa mtu. Jina lililopo nililiandika mimi kabla hujazaliwa, jua limelila. Kuna vijana wamemwahidi bango la plastiki la kuchapwa kwa mashine, asubuhi unaagiza, jioni linaning'inia. Amekuja kwangu kwanza kwa heshima tu. Nikamwambia plastiki yake itachanika kabla watoto wa darasa la kwanza hawajafika la tatu. Akacheka, akanipa muda mpaka watoto warudi kutoka likizo ndefu, mwezi wa tisa. Nisipomaliza, ataweka plastiki.

Nimeandika kuta nyingi, unajua. Sijawahi kuutamani ukuta kama huu. Nikiumaliza, mniite bibi na mniweke kwenye kiti mnachotaka.

Shangazi yako


Tarehe 6 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Salamu kwa baba na pengo lake, na kwa mkimbiaji. Mimi ni mzima, ila fundi viatu wa chini amenunua redio na sasa nyundo inapigwa kwa kufuata muziki.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nikiwa nimekaa, halafu nikawasomea wenzangu kantini. Unajisikia mwepesi! Nilijua. Nililia kidogo, usinicheke. Tangu daktari akupe jina la ule ugonjwa nimekuwa nikijiona mtu wa bure, niko mbali, siwezi hata kukushikia ngazi. Na kumbe kitu kilikuwa kinapita mbele yangu kila siku kwenye mkanda wa mashine.

Mkuu wa mauzo amesikia habari zako. Anataka picha yako ukiwa na brashi, aiweke kwenye tangazo. Nimemwambia shangazi yangu hapigwi picha bila kuambiwa mapema, lazima achague kitambaa cha kichwa. Fikiria.

Nakutumia makopo mawili makubwa, haya ni makali zaidi, yana tairosini pamoja na asidi nyingine ndugu zake. Kwa kuwa kazi ya ukuta ni kubwa, kunywa asubuhi na mchana, kila unapomeza kidonge. Niambie umefika herufi gani.

Kitone


Tarehe 19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Makopo yamefika salama. Nakunywa kama ulivyosema. Mvua imepiga hapa, paa la jikoni limevumilia. Watoto wa paka wamefungua macho, wawili wamechukuliwa na jirani. Baba yako anakusalimu. Mtoto amejua kusema "hapana", basi nyumba nzima tumekatazwa.

Ukuta unaendelea. Nimeshapiga uzi wa chaki na kupima. Habari ya picha mwambie huyo bwana asubiri kwanza.

Siandiki mengi leo, humu ndani mwanga ni hafifu.

Shangazi


Tarehe 11 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa simu ya juzi. Nilisikia ulivyovuta kiti ukakaa kabla hujasema halo, halafu ukauliza, "Ni nani?" ukimaanisha ni nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Nilivunja sheria kwa sababu barua ingechelewa na wewe ungeendelea kunywa. Kwenye simu nilikuwa nahema na wewe ulikuwa unasema "eeh" tu, kwa hiyo sasa naandika yote, taratibu.

Barua yako ya Mei imenifikia Julai. Ilizunguka mikoa mingine huko, ikarudi. Mtu wa posta alinipa ikiwa imegongwa mihuri kila mahali na maneno "anwani haisomeki". Akaniuliza, "Aliyekuandikia huyu anaandikaga kwenye punje za mchele?" Nilitaka kumjibu kwamba aliyeniandikia ameandika nusu ya majina ya mji wetu. Halafu nikaiangalia bahasha, nikaitia mfukoni.

Nilikwenda nyumbani nikazipanga barua zako kitandani, za tangu mwaka juzi mpaka hii. Hukuwahi kuniambia, Shangazi, lakini mkono wako umeniambia. Herufi zilikuwa zimeshaanza kupungua kabla ya kidonge. Kidonge kilipoanza zikakua, nikakumbuka tulivyofurahi. Ya Machi imeshuka kidogo. Hii ya Mei, mstari unaanza kama wa mtu na unaisha kama wa sisimizi. Ni wewe uliyenifundisha kwamba herufi ndogo ni za watu wanaoficha kitu.

Nikazibeba zote nikaenda kumtafuta mkemia wa kiwanda. Ni mzee mpole, anakula peke yake karibu na mlango wa kantini. Nikamweleza ugonjwa, kidonge, unga, na glasi moja. Nilipofika kwenye glasi moja akaweka kijiko chini.

"Kidonge chake kinaitwaje?"

"Levodopa, na kingine wamechanganya humo humo cha kuisindikiza."

"Unajua levodopa ni nini? Ni asidi amino. Ni ndugu kabisa wa hizi tunazofunga. Ndiyo ile dopa unayoisoma kwenye karatasi ya kopo."

Nikamwambia basi si ndiyo vizuri, ndugu wakisaidiana? Akatikisa kichwa. Akasema kwa mgonjwa kama wewe, kazi ya kugeuza tairosini kuwa dopa ndiyo iliyodorora, zile seli zinazoifanya zimepungua. Kukuletea tairosini zaidi ni kumletea matofali mtu ambaye waashi wake wameondoka. Ndiyo maana daktari anakupa dopa iliyokwisha kugeuzwa. Halafu akasema, "Sasa angalia mlango ule."

Mlango wa kantini yetu unapitisha mtu mmoja mmoja, na ilikuwa saa ya chakula, kila mtu na sahani yake. Akaniambia damu haimwagiki tu ndani ya ubongo. Kuna ukuta katikati, na ukuta una vilango, na kuna aina moja ya vilango wanayopitia ndugu hawa wote. Dopa inapitia hapo. Tairosini inapitia hapo. Na hata kabla ya hapo, utumboni, kuna mlango mwingine wa namna hiyohiyo. "Wewe umemwaga umati wa watu mlangoni," akasema, "na dopa ya shangazi yako iko nyuma huko na sahani yake, inasubiri. Mlango haujui nani katumwa na daktari na nani katumwa na mpwa."

Shangazi, nilitazama ule mlango mpaka watu wote wakaisha kuingia. Nilikuwa nakufungia njia kwa kijiko. Kila ulipokunywa kwa kunipenda, mkono wako ulibaki nje.

Niliumia, nasema ukweli. Lakini nikiwa naumia hivyohivyo nilishikwa na mshangao ambao haujaniacha mpaka leo. Mkemia aliniambia zamani, akiwa mwanafunzi, alijitolea kwenye utafiti. Walinyweshwa mchanganyiko wa asidi amino uliokosa moja tu, ile ambayo ubongo unaitumia kutengeneza ujumbe wa utulivu. Wenzake wengi hawakuhisi lolote. Yeye, ambaye aliwahi kuugua ugonjwa wa huzuni akapona, jioni yake alikaa kwenye ngazi za bweni akalia, na hakuwa na jambo la kulilia. Kesho yake alikula mayai na mkate kama kawaida, huzuni ikaondoka. "Tangu siku ile," akasema, "nikimwona mtu amenuna simhukumu haraka." Nikamuuliza kuhusu zile namba zangu zilizonyooka. Akasema kwa mtu aliyechoka sana unga unaweza kumsaidia kidogo, kwa aliyelala vizuri ni unga tu, na hata mimi huenda nilisaidiwa na kule kuamini.

Kwa hiyo usikoroge tena. Kidonge usikiache, wala usibadilishe chochote kwa kichwa chako au changu. Nenda kwa daktari, mwambie kila kitu, makopo yote matatu. Na uniandikie ukweli, Shangazi. Ukuta umefika wapi?

Kitone


Tarehe 8 Agosti

Kitone mwanangu,

Marahaba. Watu wote wazima. Baba yako amekuwa na adabu ya ajabu tangu simu yako, anadhani tunamficha kifo.

Umetaka ukweli, chukua.

Kopo lako la kwanza, sikujisikia mwepesi hata siku moja. Nilijisikia mzito. Nikadhani ugonjwa umepanda ngazi, nikasema bora aliyeko mbali asijue. Ulikuwa umefurahi mno, ningeanzaje? Ukatuma mawili. Nikawa nanywa na kusema labda yatanifaa yakizoea. Miguu ikaanza kunigomea, hasa mlangoni pa jikoni. Natoka vizuri, nikifika kizingitini nyayo zinang'ang'ania sakafu, mwili unataka kwenda na miguu haijaambiwa. Siku moja chaki ilikuwa mkononi, nikachora mstari mbele ya vidole vyangu, kama ninavyopiga mstari wa herufi. Mguu ukainuka ukauvuka! Nikachora mwingine, ukauvuka. Basi nyumba nzima nikaijaza mistari ya chaki. Baba yako alidhani namchezesha mtoto. Mtoto naye alifurahi, akawa anairuka nyuma yangu.

Ukuta nao. Unajua nikiandika naanzia herufi ngumu nikiwa na nguvu. Safari hii nilifanya kinyume, nikaanza na zilizonyooka, nikiegemeza mkono kwenye fimbo. Herufi zilizonyooka unaweza kuziiba kidogo kidogo, unapumzika kwenye kona. S haina kona. S unaingia nayo na unatoka nayo, brashi haiinuki. Nikaiacha. Kwa hiyo tangu Juni shule yako inaitwa HULE YA M INGI, na barabara nzima inasoma. Watoto wa likizo wanapita wanacheka. Mwalimu mkuu anapita hacheki, na hilo ndilo lililoniuma. Wiki iliyopita nilimwona na wale vijana wa plastiki, wanapima ukuta kwa futi ya chuma.

Nilikwenda kwa daktari na makopo kwenye mfuko. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini sikumwambia. Nikamjibu, "Mtoto kanitumia, daktari, wewe ungemnyima?" Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema maneno yaleyale ya mkemia wako. Kidonge nimeze kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, ningoje kwanza kabla ya kula. Maharage na mayai nisiache, ila mengi niyapeleke jioni, kazi ikishaisha. Unga basi.

Sasa nikuambie asubuhi ya kwanza. Nilimeza kidonge nikakaa kwenye kiti changu, nikaulaza mkono juu ya goti, nikautazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Unatetemeka. Unatetemeka. Paka akaja akaulamba, unatetemeka. Halafu, sikuona ni saa ngapi, ukaanza kutulia. Haukuacha ghafla, ulitulia kama mtoto anayelala, mara ya mwisho anashtuka, halafu basi. Nikafungua vidole, vikafunguka. Nikachukua kalamu nikaandika jina lako nyuma ya kalenda, na herufi ya mwisho ikawa kubwa kama ya kwanza. Nikasema peke yangu, kwa sauti, "Umepita mlangoni wewe."

Mwanangu, miaka yote hii nilijua mkono huu ni wangu kwa sababu niliufundisha mwenyewe. Kumbe kila unaponyooka kuna kitu kidogo kimepishwa kwenye kilango ambacho hakuna jicho limewahi kukiona, na kisipopishwa, mimi na ujuzi wangu wote ni watu wa kukaa. Nimeogopa, na sijui kama hofu hii ndiyo watu wanayoiita kuabudu.

Hapa mkono umeanza kurudi nje, utaona herufi. Naweka kalamu, nitamalizia barua baada ya dozi ya mchana.

Nimerudi. Daktari amesema nisijidanganye, ugonjwa haujaondoka na haitakuja siku ya kuondoka. Nina vipindi. Mlango ukifunguka nafanya kazi, ukijifunga nakaa. Kipindi kimoja kizuri kinatosha S moja, na ninazihitaji mbili.

Shangazi yako


Tarehe 24 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Salamu kwa wote, na mwambie baba tunamficha kweli, ila si kifo, ni keki, asije akaharibu jino jingine.

Bahasha yako hakuisoma mtu wa posta peke yake. Mlinzi wa kiwanda aliisoma ikiwa mkononi mwa mleta barua, ng'ambo ya barabara! Akaniita kwa jina langu lote na cheo. Nimeilaza kitandani baada ya zile nyingine, halafu nikakaa sakafuni nikaziangalia kwa mpangilio wake, kubwa, ndogo, ndogo zaidi, mpaka ile ya sisimizi, halafu hii. Unga na kidonge na foleni, na mwisho wake ni mwandiko wa mtu ninayempenda.

Mkuu wa mauzo nimemwambia ukweli wote. Amenuna, picha haitaki tena. Mkemia ameahidi kupigania maneno kwenye karatasi ya kopo, kwamba mtu anayetumia dawa amuulize kwanza daktari wake. Anasema watayaandika kwa herufi ndogo. Nimemwambia ninamjua mtu wa kuyaandika kwa kubwa.

Nina hofu na zile S. Siku zimekwisha. Niambie nikutumie nini.

Kitone


Tarehe 10 Septemba

Kitone,

Marahaba. Wazima. Mtoto amejua kusema "ndiyo" lakini anaisema akikataa.

Jumamosi niliamka, nikameza kidonge, nikatembea mpaka shuleni taratibu ili nifike pamoja nacho. Baba yako alibeba ngazi na kulalamika njia nzima. Nilikaa chini ya ukuta nikangoja. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama getini, vijana wa plastiki wameshakuja na bango lao limekunjwa. Mmoja akauliza, "Mama, unangoja nini?" Nikamwambia nangoja mlango ufunguliwe. Akatazama geti, liko wazi.

Mkono ukafika. Nilipanda ngazi mbili, zaidi ya hapo baba yako amekataa na yeye ndiye aliyeishika. Nikaijaza brashi, nikavuta pumzi, nikaingia kwenye S ya kwanza kutokea juu, nikazunguka, nikavuka tumbo lake, nikazunguka tena, nikatoka. Sikuinua. Niliposhuka miguu ndiyo iliyotetemeka, na hiyo ni ya furaha, haina dawa. Ya pili niliiandika baada ya kidonge cha mchana. Imelala kidogo upande wa kushoto. Nimeiacha hivyo, ijulikane kuna mtu alipita.

Mwalimu mkuu alilisoma jina lote kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Wale vijana walirudi na plastiki yao, mmoja ameniomba nimfundishe kushika brashi.

Makopo yako yako kwenye meza yangu ya kazi. Nimemwaga unga, nimeweka brashi, yananitosha kabisa.

Unauliza unitumie nini. Daktari ameniambia wazi, ipo siku mlango utakuwa mgumu hata kwa kidonge. Siku hiyo sitakuandikia kwamba najisikia mwepesi, naapa. Na hata nikidanganya, unajua pa kutazama. Ukiona herufi zangu zimeanza kusinyaa tena, usinitumie kitu. Njoo.

Shangazi yako